Vipindi vya mchana vya televisheni Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni, watayarishaji na wanaojifunza kazi

Majibu haya yanahusu vile vipindi vya mchanganyiko vya mchana: kochi, watangazaji wawili, wageni wanne au watano wasiofanana hata kidogo. Vyuo hufundisha habari na matangazo, lakini aina hii ya kipindi wengi hujifunzia kazini. Mifano ni ya Mwanza na mwambao wa ziwa.

Kipindi cha namna hii kinatofautianaje na taarifa ya habari?

Taarifa ya habari hutafuta kilichotokea leo. Kipindi cha mchana hutafuta jambo ambalo mtu atalitumia jioni hii au wiki hii: namna ya kukagua boti kabla ya kupanda, dalili za presha ya macho, bei ya matofali, mapishi. Mada huchanganywa kwa makusudi, ili asiyejali mada ya kwanza abaki akisubiri ya pili.

Nani hasa anatazama saa nne asubuhi au saa saba mchana?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Saa hizo televisheni zimewashwa saluni, kwa mama lishe, kwa fundi cherehani, kwenye ofisi za mabasi Nyegezi na Buzuruga, zahanati, na nyumbani kwa mtu anayepika au kulea. Mikono ina kazi na macho yana kazi. Mtazamaji wa mchana anasikiliza zaidi kuliko anavyotazama, na mara nyingi ameingia katikati.

Kwa hiyo jina la mgeni na anachozungumzia hutajwa kwa mdomo kila baada ya dakika tatu au nne, hata kama vimeandikwa chini ya kioo. Namba ya simu husomwa mara mbili, polepole, tarakimu mojamoja. "Kama mnavyoona hapa" ni sentensi iliyokufa. Sema kinachoonekana: "Nimeshika kipande cha wavu, macho yake ni madogo, hata kidole changu hakipiti."

Kuna kundi la pili, la kinyume kabisa: chumba cha kusubiri ambako sauti imezimwa. Hao wanaishi kwa maandishi. Ukiandika jina na cheo tu, umewanyima mada. Andika hoja yenyewe: "Presha ya macho kwa kawaida huanza bila maumivu." Mtu anayesubiri dawa dirishani ataondoka nayo.

Vipindi hivi vilianzia wapi?

Cha zamani kinachotajwa zaidi ni Today cha NBC, Marekani, kilichoanza tarehe 14 Januari 1952. Mwaka uliofuata waliongeza sokwe aitwaye J. Fred Muggs, watazamaji wakaongezeka. Uingereza, masharti ya serikali juu ya saa za kurusha matangazo yaliondolewa 1972, na mwaka huohuo BBC wakaanzisha Pebble Mill at One, kikirushwa kutoka kwenye ukumbi wa mapokezi wa jengo lao la Birmingham. Mwaka 1988 ITV ya huko wakaanza This Morning kutoka gati la Albert Dock, Liverpool, ambako utabiri wa hali ya hewa ulitolewa na mtu aliyeruka juu ya ramani ya Uingereza inayoelea majini. Mwanza yenye ziwa la kuelea ramani ya mkoa mzima bado haijajaribu.

Kwetu Bara, televisheni za binafsi zilianza kurusha 1994. Mwanza haikubaki nyuma: Radio Free Africa na Star TV zimekuwa na makao hapa, kwa hiyo mafundi na watangazaji wenye uzoefu wapo bila kwenda kuwatafuta Dar es Salaam.

Saa moja ya kipindi hugawanywaje?

Ukitoa matangazo ya biashara, tuseme mapumziko manne ya dakika tatu, unabaki na dakika 48. Mgawo unaokaa vizuri ni huu: kufungua na kutaja mada zote, dakika 3, mada nzito ya kwanza, 10, mada ya pili, 8, upishi, 12, ukigawanywa vipande viwili, simu na ujumbe wa watazamaji, 6, muziki, 5, hali ya hewa na ziwa, 2, kufunga, 2.

Upishi hugawanywa kwa sababu harufu ya kitunguu haipiti kwenye kioo, lakini hamu ya kujua mchuzi umetokaje inapita. Anza kupika, mlete mgeni mwingine sufuria ikichemka, kisha rudi jikoni. Kosa la kawaida ni kuweka mada mbili za huzuni mfululizo, kwa mfano ugonjwa kisha mirathi. Fundi saluni atabadilisha chaneli kabla hujafika kwa mwanamuziki.

Mgeni wa namna gani anafaa?

Anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake kuliko anayeiongoza ofisini. Ukitaka kuzungumzia dagaa, mlete mwanamama anayeanika na kuuza kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kisha mtaalamu wa uvuvi akae pembeni kufafanua. Ukimweka mtaalamu peke yake unapata semina.

Ratiba ya wageni wa ziwani ina kanuni zake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga, hivyo wengi hupumzika, hushona nyavu, hurudi nyumbani. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kumpigia mvuvi: siku za karibu na mwezi mpevu atapatikana na atakuwa amelala vya kutosha. Ukimwita wakati wa giza, ama hatakuja, ama atasinzia kwenye kochi.

Mgeni wa Ukerewe afike siku moja kabla. Meli ikichelewa au upepo ukichafuka, kipindi hakimsubiri. Vivyo hivyo kwa wa visiwa vidogo. Wa Sengerema na Geita wana nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025.

Na mzee anayeeleza vizuri zaidi kwa Kisukuma? Usimlazimishe Kiswahili mubashara, utapata robo ya anachokijua. Mrekodi mapema nyumbani kwake, kisha weka sauti ya msomaji wa Kiswahili juu yake, ukiacha sekunde tatu au nne za sauti yake mwanzoni na mwishoni. Maandishi ya tafsiri peke yake hayatoshi, kwa sababu ileile: watu wako kazini, hawasomi.

Nataka kualikwa. Nitume nini?

Ujumbe mfupi kwa mtayarishaji, wiki mbili kabla, wenye mambo manne: unachofanya kwa sentensi moja, vitu vitatu ambavyo mtazamaji atajifunza, kitu kinachoweza kuonyeshwa au kusikika (mashine, chombo, sauti), na siku unazopatikana. Ambatanisha video ya simu ya dakika moja ukieleza jambo moja tu. Mtayarishaji haangalii ubora wa picha, anasikiliza kama unamaliza sentensi zako. Wasifu wa kurasa sita hausomwi na mtu.

Nalipwa? Au nalipa?

Kwa kawaida hulipwi, ila nauli na chai hufidiwa kwa anayetoka mbali. Msanii anayekuja na bendi huelewana na kituo peke yake. Upande wa pili: ukiombwa pesa ili "kuingizwa hewani" kwa namba ya mtu binafsi, kata simu, piga namba ya mapokezi ya kituo uulize. Biashara inayotaka kujitangaza inapitia idara ya masoko, inapewa risiti, na kipindi kinapaswa kutamka wazi kwamba sehemu hiyo imedhaminiwa. Tangazo lililovishwa nguo za mahojiano hujulikana ndani ya dakika mbili, na linamharibia mgeni halali atakayefuata.

Nivae nini?

Rangi moja iliyokolea au kitenge cha maua makubwa. Mistari myembamba na vidoti vidogo hucheza kwenye picha kama vinatetemeka. Nyeupe tupu huifanya kamera ipunguze mwanga na uso wako uonekane mweusi kupita ulivyo. Kama studio inatumia pazia la kijani kuweka mandhari, nguo ya kijani itakufanya kichwa kinachoelea. Bangili na mkufu mzito vikigonga maiki, ni kelele kama ya vijiko.

Kanga inapendeza, lakini soma jina lake kwanza. Mwongozaji akisogeza picha karibu, watazamaji watasoma maneno kabla ya kukusikiliza. Kuzungumzia upatanisho wa ndoa huku begani kuna maneno ya kumsuta mke mwenza ni jambo litakalozungumzwa mtaani kuliko mada yako.

Mtandio wa nailoni hutoa sauti ya kukwaruza chini ya maiki. Vaa wa pamba, na maiki ibanwe nje ya kitambaa.

Nifike saa ngapi na nini kitanitokea?

Dakika 45 kabla ya zamu yako. Utasaini kitabu na fomu ya ridhaa (tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, usione ajabu kuulizwa namba yako itatumiwa kwa nini). Utapakwa poda inayolingana na ngozi yako ili paji la uso lisimeremete. Wanaume pia, bila aibu. Fundi sauti atabana maiki kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na kukuomba useme kitu. Usihesabu "moja, mbili, tatu" kwa unyonge. Eleza ulikula nini asubuhi kwa sauti utakayotumia hewani, maana ndiyo anayoipima.

Simu izimwe kabisa. Kuiweka kwenye mtetemo hakutoshi, kwani mawimbi yake huingia kwenye nyaya za sauti na kutoa ule mlio wa "trr-trr-trr" hata usipopokea. Usile karanga wala biskuti dakika kumi kabla. Kunywa maji ya kawaida, ya baridi sana hukaza koo.

Nijibu vipi?

Sekunde 30 hadi 40 kwa jibu, ukianza na jibu lenyewe kisha sababu. Ukiulizwa "Kwa nini sato wangu wa bwawani wanakufa alfajiri?" anza: "Hewa imeisha kwenye maji." Halafu eleza kwamba usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali inaitumia, ndiyo maana hali huwa mbaya karibu na mapambazuko.

Adui mkubwa ni ufunguzi. "Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema, pili niushukuru uongozi wa kituo, tatu familia yangu, na wote wanaonifahamu kuanzia Igoma mpaka Kisesa…" Hapo dakika nzima imekwenda kati ya nane, na mwenye saluni hajajua bado umekuja kwa lipi. Shukrani si kosa, ni adabu, ila ziwe sentensi moja. Mtayarishaji mzuri humwachia mgeni azitoe zote wakati wa kupima sauti, na moyo wake unatulia.

Usiangalie kamera, mwangalie anayekuuliza. Ukisahau, sema tu "nirudie hapo." Kusoma karatasi kunaua sauti. Kadi moja yenye namba zako inatosha.

Mtangazaji kijana na mgeni mzee: shikamoo hewani?

Ndiyo, na isikilizwe ikiitikiwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Sekunde mbili. Ukiiruka kuokoa muda, simu za kwanza zitakuwa za kukulaumu, na mada itasubiri. Viongozi wa dini na madaktari waitwe kwa vyeo vyao mara ya kwanza, kisha Mchungaji, Sheikh au Daktari pekee. Mwanamke wa makamo huitwa Mama, na jina la mtoto wake kama ndivyo anavyojulikana. Muulize kabla ya kuingia. "Dada" kwa mtu anayeweza kukuzaa hakusameheki upesi.

Sehemu ya upishi huharibika wapi?

Karibu kila mara kwenye muda. Sato mzima wa nusu kilo anahitaji kama dakika sita hadi nane kila upande kwenye mafuta ya kutosha, na ukijumlisha kuosha, kuchanja na kukolea chumvi umepita dakika zako zote. Dawa ni samaki watatu: mmoja mbichi aliyekwisha kuparuliwa, wa kuonyesha namna ya kuchanja, mmoja aliye nusu kikaangoni, mmoja aliyeiva kwenye sahani. Mpishi aseme wazi kwamba huyu wa pili ameanza mapema. Watu wa Kirumba hawadanganyiki na samaki anayeiva kwa dakika mbili.

Dagaa ni rahisi zaidi, hukaangika kwa dakika mbili au tatu. Tabu yao ni mchanga. Walioanikwa chini huoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara tatu nje ya studio, na bakuli moja la maji machafu huletwa mezani kama ushahidi.

Sauti ya mafuta hufunika maneno. Mpishi aeleze kabla ya kutumbukiza, anyamaze sekunde tano mafuta yasikike (hiyo ndiyo sehemu tamu kwa anayesikiliza akiwa ameupa kioo mgongo), kisha moto upunguzwe. Mvuke huziba lenzi, kwa hiyo kamera ya juu iwekwe upande, si wima juu ya sufuria. Jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 linatosha. Kagua mpira na regulata kwa povu la sabuni kabla ya wageni kuingia. Mfuniko mkubwa na kizima moto viwe mkono mmoja kutoka jikoni. Mafuta yakishika moto ni kufunika na kuzima gesi, maji hayaguswi.

Tunaweza kuleta samaki au wanyama hai?

Mnaweza, mkichagua. Sangara hufa haraka kwenye beseni kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi. Kambale na kamongo huweza kupumua hewa, hivyo huvumilia. Na pimeni kabla: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Kuwaonyesha mezani huku mkizungumzia uvuvi halali ni kujichongea mbele ya mkoa mzima. Mbuzi hulia taa zikiwaka, aingie mwisho. Nyoka aje na mwenye kibali chake, na mtangazaji aulizwe kwanza kama anaogopa.

Madaktari na waganga wa tiba asili?

Daktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mganga awe na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Omba kuona cheti wiki moja kabla. Asiyekuwa nacho hakai kwenye kochi hata kama mdhamini anamtaka. Anayesema dawa yake inatibu magonjwa tisa, muulize atafanya nini mgonjwa asipopona, kisha fikiria upya mwaliko wenyewe.

Mtazamaji akipiga simu kuuliza dozi, daktari asitoe. Kichocho kiko mwambao mzima, na dawa yake, praziquantel, hutolewa kulingana na uzito wa mtu. Jibu sahihi ni "nenda zahanati ukapimwe," likifuatiwa na dalili za kumfanya aende leo: damu kwenye mkojo au choo, tumbo kuuma mara kwa mara.

Mtoto kama mgeni?

Mzazi au mlezi asaini na awepo studio. Mtoto aliyedhulumiwa haonyeshwi, na kumfunika uso tu hakutoshi: sare ya shule, sauti, jina la mtaa na uso wa mama humtambulisha. Anayejua kuimba au hesabu apewe dakika nne, si kumi.

Kurekodi ufukweni kuna ugumu gani?

Kuna upepo, jua na wadudu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na kuongezeka kuelekea alasiri. Maiki isiyo na kofia ya manyoya itarekodi ngurumo tupu. Weka mgongo wa mgeni upande wa upepo, mwili wake uwe ukuta.

Jua la saa sita hapa, karibu kabisa na ikweta, hushuka wima na kuchora vivuli chini ya macho. Rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Usimweke mgeni na maji yanayong'aa nyuma yake huku kamera ikijipimia mwanga yenyewe: itapima ziwa na kumfanya mtu kivuli. Pima uso kwa mkono, msogeze ziwa liwe ubavuni, na rudisha mwanga usoni kwa ubao mweupe wa foili au stairofomu. Jioni, vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi hufuata taa na kuingia mdomoni. Zima taa hadi sekunde ya mwisho.

Kuhusu mandhari: Jiwe la Bismarck, ile alama ya Mwanza iliyo ziwani, limeonyeshwa mpaka limechoka. Mwaloni wakati mitumbwi inaposhusha mzigo, au kivuko cha Kamanga kikifunga mlango, vina sauti na watu.

Picha inapepesa chini ya taa za dukani. Kwa nini?

Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hupepesa kuufuata, na kamera isiyolingana nao huonyesha huko kupepesa. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde, na fremu 25 kwa sekunde. Simu nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa fremu 30.

Umeme ukikatika au mgeni asipofika?

Jenereta huchukua sekunde kadhaa kushika, na katika sekunde hizo mitambo isiyo na betri ya akiba huzimika na kuanza upya kwa dakika kadhaa. Betri iwe kwenye mtambo wa kuchanganya picha, wa kuchanganya sauti na kompyuta ya matangazo. Taa zinaweza kusubiri. Kwa mgeni asiyefika, kila wiki iwe na mada ya akiba ya dakika sita hadi nane iliyorekodiwa, isiyochacha: ushonaji wa nyavu, utunzaji wa nywele. Kuongeza muda wa mgeni aliyepo ndilo kosa la kwanza la kila mtayarishaji mpya. Mtu aliyejiandaa kwa dakika nane hana dakika kumi na sita.

Nimepiga simu, sauti inarudi na kulia. Kosa ni langu?

Zima televisheni yako, usipunguze tu. Unachosikia kwenye kioo kimechelewa sekunde kadhaa, na maiki ya simu yako inakirudisha studio.

Bendi inaweza kupiga wimbo wa mtu mwingine?

Haki za watunzi zinalindwa kwa sheria ya 1999, na wa kuulizwa ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kituo chenye leseni huwa kimeshamaliza suala la kurusha hewani, lakini kipande hichohicho kikiwekwa mtandaoni kinaweza kuzuiwa. Nyimbo zenu wenyewe ni salama zaidi, na ndizo mlizokuja kutangaza.

Nitapataje nakala ya mahojiano yangu?

Omba siku hiyohiyo, kabla faili halijafutwa au kupelekwa kwenye hifadhi, na utaje tarehe na dakika uliyoingia. Njoo na flashi ya GB 32, na iwe imepangwa (format) kwa mfumo wa exFAT. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 usiopokea faili moja linalofikia GB 4. Saa moja ya kipindi kilichorekodiwa kwa ubora wa megabiti 8 kwa sekunde ni kama GB 3.6, inapita kwa shida. Kwa megabiti 25 ni zaidi ya GB 11, na unakili utakataa ukiambiwa faili ni kubwa mno ingawa flashi ni tupu. Wakikukatia sehemu yako pekee ya dakika nane, hata kwa megabiti 25 ni GB 1.5, na flashi yoyote itabeba.